YOGA, PRESHA, NA DAWA ULIZOZIFICHA KABATINI



Ujumbe wa leo ni mrefu kuliko kawaida. Tafuta mahali utulie uusome hadi mwisho, na ukimaliza umtumie mtu mmoja mwenye presha. Najua unaye. Kama si wewe, ni mama yako, au shemeji yako, au yule mzee anayekaa kiti cha mbele kila Jumapili.

Kuna swali limekuwa likirudi kwenye inboksi yangu. Wengine wanauliza kwa hofu, wengine kwa ubishi. Linasema hivi: "Mchungaji, nimepatikana na presha. Kuna mtu ameniambia nikifanya yoga itashuka. Je, ni dhambi?"

Nikiliweka swali hilo hapa peke yake, najua kitakachotokea. Nusu yenu mtaandika, "Hayo ni mapepo, kimbia!" Nusu nyingine mtaandika, "Wakristo mmezidi, hayo ni mazoezi tu." Mtabishana siku tatu, na yule aliyeuliza atabaki nyumbani na presha yake ya 170 kwa 105, hana jibu.

Leo nitajibu. Lakini nikishajibu, nitawauliza nyinyi swali ambalo hamjaniuliza, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

1. YOGA IMETOKA WAPI?

Tuseme ukweli, maana shetani hashindwi kwa uongo.

Neno yoga ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Maana yake ni kuunganisha, kufunga pamoja kama ng'ombe wanavyofungwa nira. Katika maandishi ya Patanjali, ambayo walimu wengi wa yoga huyahesabu kuwa msingi wao, njia hiyo ina hatua 8. Kukaa na kuweka mwili katika mikao ni hatua ya 3. Kutawala pumzi ni ya 4. Ya 8 ni hali wanayoiita samadhi, ambapo nafsi huzama kabisa katika kile inachokitafakari. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba yoga tangu mwanzo ilikuwa mazoezi ya kupunguza tumbo, hajasoma.

Wahindu wenyewe hawakubali maneno hayo. Kule Marekani shirika lao moja, Hindu American Foundation, lilifanya kampeni ya kuwakumbusha watu kwamba yoga ina mizizi katika dini ya Kihindu. Mimi nawaheshimu kwa hilo. Mhindu anayesema wazi, "Hiki ni cha imani yangu," ni mkweli kuliko Mkristo anayesema hakuna imani yoyote ndani yake ili tu asiulizwe maswali.

Upande wa pili pia una ukweli wake. Katika karne ya 20 walimu kama Krishnamacharya wa Mysore na mwanafunzi wake B.K.S. Iyengar walitilia mkazo sana mikao ya mwili, na hicho ndicho kilichosafiri kwenda Ulaya na Marekani, kisha kikatufikia sisi kwenye majimu na kwenye simu. Umoja wa Mataifa ulitenga tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga duniani, na ikaadhimishwa mara ya kwanza 2015. Kuna darasa utaingia uambiwe utamke "Om", uinamishe kichwa na kulisalimu jua. Kuna lingine utaingia ukute kina mama watano wananyoosha magoti yenye maumivu, basi.

Kanisa la Korintho lilikuwa na shida ya namna hii. Soma 1 Wakorintho 8 na 10. Nyama sokoni zilikuwa zimetoka hekaluni. Wengine walikula bila kujali, wengine waliogopa hata kupita karibu na bucha. Paulo hakuwaambia kwamba nyama ina pepo ndani yake. Aliwaambia sanamu si kitu. Lakini aliwaambia pia kwamba mtu akikueleza kuwa hii imetolewa sadaka, uiache, kwa ajili ya dhamiri. Na kushiriki meza ya Bwana na meza ya sanamu kwa pamoja, hilo alilikataa kabisa.

Sasa chukua mafundisho hayo uyalete kwenye mkeka. Mkono ulionyooshwa juu haujatolewa sadaka kwa mtu yeyote. Mgongo wako ni kazi ya vidole vya Mungu, na Mungu hakumpa mtu hati miliki ya kuukunja. Fundi wa viungo hospitalini akikuambia ulale chali, uinue mguu, hujaabudu kitu. Lakini mwalimu akikuambia utamke jina la mungu asiye wako, au uliinamie jua, au uifanye akili yako iwe tupu ili kitu kingine kiijaze, hapo nyama imeshatangazwa kuwa ya sanamu. Inuka, vaa viatu, nenda nyumbani. Usimtukane mtu njiani.

Kuna mmoja ataniletea habari ya Naamani, 2 Wafalme 5, aliyeomba asamehewe akiinama katika nyumba ya Rimoni, na Elisha akamwacha aende kwa amani. Nimeisoma. Lakini soma mpangilio wake. Naamani hakwenda kwa Rimoni kutafuta uponyaji. Alikuwa ameshapona Yordani, na kule kwa Rimoni alikuwa mtumishi ambaye bwana wake anaegemea mkono wake. Wewe hakuna mfalme anayeegemea mkono wako Jumanne jioni.

Kwa hiyo jibu langu kama mchungaji wako ni hili: mimi sikuelekezi kwenye darasa la yoga. Si kwa sababu nadhani kila anayenyoosha mgongo amepagawa. Ni kwa sababu kile kinachoweza kusaidia presha yako unaweza kukipata bila kuingia kwenye nyumba ambayo dhamiri yako italazimika kupigana nayo. Nitakuonyesha.

2. NI NINI HASA KINACHOSHUSHA PRESHA?

Wapo watakaosema mchungaji anaogopa sayansi. Hapana. Twende kwenye sayansi.

Mwaka 1975 daktari mmoja wa Uingereza, Chandra Patel, alichapisha utafiti wake katika jarida la Lancet. Aliwachukua wagonjwa 34 wa presha. Kundi moja alilifundisha kutulia na kupumua kwa njia za yoga, pamoja na mashine iliyowaonyesha jinsi miili yao inavyotulia. Presha ya kundi hilo ilishuka wastani wa kutoka 168 kwa 100 hadi 141 kwa 84. Kundi lingine lilipumzika tu bila mafundisho, na presha yao ilishuka kidogo. Kwa hiyo anayesema hakuna kitu hapo, anadanganya.

Lakini usiishie hapo. Mwaka huohuo wa 1975, Herbert Benson, daktari wa moyo wa Harvard, alitoa kitabu kuhusu jambo hili. Alikuwa amewachunguza watu wanaofanya tafakuri ya Kihindi na kuona kwamba miili yao inatulia. Kisha akasema kwamba utulivu huo hauhitaji maneno ya Kihindi. Mtu anaweza kukaa kimya, akarudia neno au sala ya imani yake mwenyewe, na mwili ukatulia vilevile.

Mwaka 2001 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa Waitaliano wakiongozwa na Luciano Bernardi. Waliwapima watu 23 wenye afya. Wakati mmoja walitamka maneno ya yoga, wakati mwingine walisali rozari kwa Kilatini. Matokeo? Yote mawili yalipunguza kasi ya kupumua hadi kama pumzi 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaingia katika mpangilio mzuri kwa namna ileile. Sisi Wapentekoste hatusali rozari, nanyi mnajua hivyo. Lakini elewa kilichoonekana: moyo haukuuliza ni maneno ya dini gani. Ulifuata pumzi iliyopungua mwendo.

Basi tujue kinachofanya kazi. Ni pumzi ya polepole. Ni mwili kusogea. Ni akili kutulia. Na hivyo vitatu si mali ya India. Soma Mwanzo 2:7, uone pumzi ya mwanadamu ilitoka kwa nani. Soma 1 Wafalme 19, uone Mungu alivyomtibu Eliya alipokuwa amechoka hadi akaomba kufa. Hakumhubiria kwanza. Alimlaza usingizi, akamlisha mkate, akampa maji, akamlaza tena. Soma Zaburi 46 mpaka mstari wa 10, mahali Mungu anapowataka watu wake waache kuhangaika. Tumekuwa na vitu hivi kwenye Biblia muda wote huu, lakini tumekuwa na haraka. Hata maombi yetu tunayafanya kwa mbio.

3. YOGA HAIFANYI NINI?

Hapa wale wa "ni mazoezi tu" nao wasikie.

Madaktari wanapoitaja yoga kwa mgonjwa wa presha, wanaitaja kama kitu cha KUSAIDIA matibabu. Hawasemi ichukue nafasi ya matibabu. Kuna watu wanauza video kwenye simu wakisema, "Fanya mkao huu siku 21, sahau dawa za presha maisha yako yote." Huo ni wizi, na mwisho wake ni mazishi.

Angalia hesabu. Tafiti nyingi za yoga na presha ni ndogo, na kwa ujumla zinaonyesha namba ya juu ikishuka kwa pointi chache, kama 5 hivi. Kupunguza chumvi peke yake kwa mgonjwa wa presha kunaweza kushusha pointi 5 au 6. Kutembea kwa bidii mara kwa mara, 5 hadi 8. Kila kilo ya uzito unayopunguza, karibu pointi 1. Kidonge kimoja kwa kipimo cha kawaida, takribani 9. Mwaka 2013 Shirika la Moyo la Marekani lilipokagua njia zisizo za dawa, liliyaweka mazoezi kama ya kutembea juu kabisa, na likasema ushahidi wa yoga wakati huo haukutosha kuipendekeza.

Sasa wewe una 170. Madaktari wanataka uwe chini ya 140 kwa 90. Toa 5 kwenye 170. Umebaki na ngapi? Mkeka umekuacha njiani.

Na kuna hatari ambayo wauza video hawaisemi. Kusimama kwa kichwa na kuzuia pumzi kwa nguvu kunaweza kuipandisha presha, na mtu mwenye presha isiyodhibitiwa hapaswi kufanya hivyo. Kama kuna mtu amekufundisha hayo bila kukuuliza presha yako ni ngapi, huyo si mwalimu.

4. SASA SWALI LANGU KWENU

Mmeniuliza kuhusu yoga. Mimi nawauliza: DAWA ZENU ZIKO WAPI?

Watu wa kanisa langu wanaofanya yoga nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Lakini wenye presha walioacha dawa wamejaa kwenye viti. Nawajua. Wengine nimewatembelea nyumbani, nikaziona dawa kabatini, pakiti iliyofunguliwa mara moja tu, tarehe imeshapita. Nikiuliza naambiwa, "Mchungaji, nilipokea uponyaji kwenye kesha."

Utafiti wa kitaifa wa STEPwise wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu. Wengi wao hawakuwa wanajua. Sasa tazama viti vya kanisani Jumapili. Hesabu watu wazima wanne wanne. Presha haiumi. Haina kikohozi wala kidonda. Inakula mishipa ya ubongo, moyo na figo kimyakimya, halafu siku moja asubuhi mama anashindwa kushika kikombe cha chai, mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki. Ndipo tunaitana kwenye kundi la WhatsApp kuchanga pesa za hospitali.

Na hapa sitazunguka. Kuna madhabahu zinazopiga kelele juu ya mapepo ya yoga kila wiki, halafu madhabahu hizohizo zinawaambia wagonjwa watupe vidonge mbele ya watu kama ishara ya imani. Wanauza chupa ya mafuta kwa bei inayozidi dawa za miezi mitatu. Nawauliza watumishi wenzangu: mwalimu wa yoga anayemwambia mtu aache dawa anyooshe mgongo, na mchungaji anayemwambia mtu aache dawa apake mafuta, tofauti yao ni nini kwa mjane aliyeachwa? Ubongo wa marehemu haukuuliza ni nani aliyemshauri.

Msiniambie sina imani. Mimi naamini Yesu anaponya. Naweka mikono juu ya wagonjwa na nitaendelea mpaka Bwana aniite. Lakini someni Biblia yote.

Mfalme Hezekia aliugua akakaribia kufa. Akaomba, akalia, na Mungu akamjibu: atapona, na ataongezewa miaka 15. Neno lilikuwa limeshatoka kinywani mwa Bwana! Na bado, 2 Wafalme 20:7, Isaya aliagiza andazi la tini liletwe liwekwe kwenye jipu. Ahadi ilikuwepo, na dawa ikawekwa. Kama mganda wa tini haukuivunja ahadi ya Mungu kwa Hezekia, kidonge kimoja cha asubuhi kitavunjaje ya kwako?

Paulo, ambaye leso zake ziliponya wagonjwa, alimwandikia Timotheo juu ya tumbo lake, 1 Timotheo 5:23. Hakumtumia leso. Alimshauri atumie divai kidogo. Na rafiki yake mpendwa aliyesafiri naye, Wakolosai 4:14, alikuwa daktari.

Halafu wale wenye ukoma kumi, Luka 17. Yesu aliwaambia nini? Waende wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa nini makuhani? Soma Walawi 13 na 14. Kuhani ndiye aliyekuwa na kazi ya kukagua ngozi na kutangaza kwamba huyu amepona. Yesu mwenyewe, akiwa mponyaji, aliwatuma wakakaguliwe! Uponyaji wa Bwana hauogopi kupimwa. Kwa hiyo ukisema umeponywa presha, Amina, nafurahi nawe. Nenda ukajionyeshe kwa muuguzi. Apime leo, apime wiki ijayo, apime mwezi ujao. Namba zikiwa nzuri, daktari mwenyewe ndiye atakayekupunguzia dawa, nasi tutashuhudia pamoja mbele ya kanisa na namba mkononi. Zikiwa bado 160, basi Bwana anaendelea na wewe, na kidonge ni tini yako.

Na Mathayo 4. Shetani alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajirushe, akamtolea na andiko kabisa. Angalia: andiko lilikuwa la kweli, malaika walikuwepo, lakini kujirusha kulikuwa kumjaribu Mungu. Kuacha dawa za presha ili uone kama Mungu atakushika ni kujirusha kinarani. Anayekuambia ujirushe, hata akiwa na kipaza sauti, wewe unajua anaongea kwa sauti ya nani.

5. NAJUA SABABU ZENU

Mmoja atasema, "Mchungaji, dawa zile zinanivimbisha miguu." Kweli, kuna aina inayoweza kufanya hivyo. Nyingine huleta kikohozi kikavu, nyingine hukupeleka choo mara nyingi. Rudi kliniki ubadilishiwe. Dawa za presha ni za aina nyingi. Kiatu kikikubana unabadilisha, huamui kutembea bila viatu maisha yako yote.

Mwingine, "Najisikia sawa." Presha ndivyo ilivyo. Utajisikia sawa mpaka dakika ile.

Mwingine, "Nikianza dawa sitaziacha tena." Hata chakula ulikianza ukiwa mtoto na hujakiacha. Shida ni nini?

Mwingine, "Nilikuwa nimefunga." Hapa nataka mnisikie vizuri, maana kila Januari tunaingia kwenye mfungo wa siku 21. Mwenye presha au sukari asifunge bila kuongea na daktari wake kwanza. Na kidonge pamoja na maji ya kukimezea havivunji mfungo wako mbele za Mungu. Hakuna taji mbinguni la aliyepata kiharusi siku ya 14.

Mwingine, "Pesa hakuna," au amefika zahanati akaambiwa dawa zimeisha. Huyu simkemei. Huyu aje kwangu au kwa mashemasi, bila aibu. Sadaka inayonunua spika mpya inaweza pia kununua dawa za mwezi za mama mmoja, na kama nyie wazee wa kanisa mnasoma hapa, hilo tutaliongea kwenye kikao.

6. FANYA HIVI KUANZIA LEO

Moja. Pima. Wahudumu wengi wa afya ya jamii wanaozunguka vijijini na mitaani walipewa mashine za kupima presha kuanzia 2023. Muulize wa kwenu. Kabla ya kupima, kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, na usiwe umekunywa kahawa nusu saa iliyopita. Andika namba kwenye daftari.

Mbili. Kunywa dawa kila siku, saa ileile. Iweke karibu na Biblia yako, ukimaliza kusoma umeze. Kushusha namba ya juu kwa pointi 10 tu hupunguza hatari ya kiharusi kwa zaidi ya robo. Hiyo ni kazi ya kidonge kinachomezwa, si kilicho kabatini.

Tatu. Punguza chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo zimo chumvi za mkate, za kachumbari, za vile vikolezo vya mchuzi na za nyama choma. Ondoa kichupa cha chumvi mezani. Mapepo ya yoga unayaogopa, lakini chumvi unaimimina juu ya chipsi bila hata kukemea.

Nne. Tembea. Dakika 30, siku 5 kwa wiki, mwendo wa mtu anayeogopa kuchelewa ibada. Shuka matatu kituo kimoja kabla. Nyoosha mgongo na miguu nyumbani kwako, mlango umefungwa, nyimbo za sifa zikiimba. Huhitaji jina lolote la Kisanskriti kwa hilo.

Tano. Pumua mbele za Mungu. Kila jioni, zima simu. Kaa kwenye kiti, miguu chini. Vuta pumzi kwa pua polepole ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6. Usiizuie. Chukua Zaburi ya 23, sema mstari mmoja moyoni kwa kila pumzi. Dakika 10. Usiifanye akili yako iwe tupu. Ijaze Neno. Ile nira ambayo Yesu anazungumzia katika Mathayo 11 ni nyepesi, na wengi wetu hatujawahi kukaa kimya kutosha kuihisi mabegani.

Sita. Jua hatari. Presha ikifika 180 kwa 120 na una maumivu ya kifua, kichwa kinauma sana, macho hayaoni vizuri, mkono umekufa ganzi, mdomo umekwenda upande au maneno hayatoki, usinipigie mimi kwanza. Nenda HOSPITALI. Nipigie ukiwa kwenye gari, nitaombea ukiwa njiani, na nitakukuta huko.

NENO LA MWISHO

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya ibada ya pili, wauguzi walio washirika wetu watakaa na mashine pale chini ya hema, na kila mtu mzima atapimwa, kuanzia mimi na mama mchungaji. Njoo na daftari lako. Kama ulikuwa umeacha dawa, njoo nazo kwenye mfuko. Hakuna atakayekuaibisha. Tutakuombea, tutakuonyesha kwa muuguzi, na utarudi nyumbani na mpango.

Mtu akikuuliza kama mchungaji wako anaruhusu yoga, mwambie mchungaji amesema dhamiri yako usiiuze kwa mkeka, na uhai wako usiuuze kwa mafuta ya chupa. Kisha muulize yeye: mara ya mwisho ulipima presha lini?

Tuombe. Baba, katika jina la Yesu, ninamleta mbele zako kila anayesoma akiwa na presha. Ponya, Bwana, maana wewe ni mponyaji. Bariki mikono ya madaktari na wauguzi. Vunja hofu, vunja kiburi, vunja kila sauti inayowaambia watu wako wajirushe kinarani. Wape nidhamu ya kumeza, ya kutembea, ya kutulia mbele zako. Wape miaka, kama ulivyompa Hezekia. Katika jina la Yesu.

Kama umekubali, andika AMINA, na chini yake andika tarehe utakayopima.

Mchungaji wenu, anayewapenda.